Stendi ya pikipiki ya mzigo: Chuma kidogo kinachoamua faida ya siku

MTU akipita na pikipiki huku stendi ya pembeni ikiwa bado imeshuka, hata asiyemjua humpigia kelele: “Stendi! Stendi!” Ni moja ya mambo machache barabarani ambayo kila mtu, awe dereva wa lori, mchuuzi wa machungwa au mtoto wa shule, huyajali bila kuombwa. Lakini pikipiki hiyo hiyo ikiwa imeegeshwa na magunia mawili ya viazi mgongoni, hakuna anayeitazama stendi yake hadi siku itakapopinda.

Siku hiyo hasara haichelewi. Trei moja ina mayai 30, na mwendesha pikipiki anayepeleka trei 10 mjini amebeba mayai 300 yanayosubiri kosa moja tu. Kopo la maziwa la lita 40 ni jasho la ng’ombe wanne wanaotoa lita 10 kila mmoja kwa siku. Likimwagika nje ya kituo cha kukusanyia maziwa, hakuna wa kulilipa, kwa kuwa kituo hupima kilichofika. Tenga la nyanya likianguka kwa ubavu, zile za chini zinapasuka na zile za juu zinauzwa kwa bei ya hasara jioni hiyo hiyo. Juu ya hayo kuna kioo cha pembeni, mkono wa breki na taa ya ishara, vitu ambavyo huvunjika karibu kila pikipiki inapolala chini.

Ajabu ni kwamba wengi wanaopata hasara hiyo hulaumu shetani, upepo au mtoto aliyepita karibu. Ni wachache wanaoangalia kile kipande cha chuma kisichozidi urefu wa rula ya shuleni. Hao wachache ndio wanaojaza benchi za mafundi wa kuchomelea kwenye miji na masoko ya vijijini, wakitaka stendi ipimwe upya, iongezwe nguvu au itengenezwe mpya kabisa kulingana na mzigo wanaobeba.

Pikipiki zinazofanya kazi hii ni zile zile zinazobeba abiria. Nyingi ni za injini ya cc 100 hadi cc 150, kama Bajaj Boxer na TVS HLX za kutoka India, pamoja na aina kadhaa za China. Zilifurika Afrika Mashariki katika kipindi kifupi. Kenya iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania ikatoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010. Jina la bodaboda lenyewe ni la zamani zaidi. Lilitokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda. Baiskeli hizo za mzigo nazo zilikuwa na stendi nzito za miguu miwili zilizotengenezwa na wahunzi, kwa kuwa ile ya dukani haikufaa. Kwa hiyo mwenye pikipiki anayekwenda kwa fundi leo anafuata njia ambayo mwenye baiskeli alishaipita.

Kwa nini ya kiwandani haitoshi

Stendi ya pembeni inayokuja na pikipiki mpya hutengenezwa hasa kwa ajili ya pikipiki iliyoegeshwa tupu. Haina kosa lolote kwa mwalimu anayeiacha chini ya mwembe hadi saa za kutoka shule. Tatizo ni pale inapotakiwa kushikilia gunia.

Chukua pikipiki ya kilo 120. Ikiwa imeegemea stendi kwa digrii 10 hivi, uzito wake umekusanyika kama sentimita 55 kutoka ardhini, na mguu wa stendi unakanyaga sentimita 28 kutoka mstari wa magurudumu. Kwa hesabu ya mizani ya kawaida, mguu huo unabeba kama kilo 40, na magurudumu yanabeba zilizobaki. Sasa weka kilo 120 za mzigo juu ya kiti na keria. Uzito wote umekuwa kilo 240, lakini pia umepanda juu, kwa sababu gunia linakaa juu ya kiti na si ndani ya fremu. Mahali uzito ulipokusanyika panafika kama sentimita 80 kutoka ardhini. Pikipiki ikiegemea kwa digrii zile zile 10, mguu wa stendi sasa unabeba karibu kilo 120. Uzito umeongezeka mara mbili, lakini mguu umetwishwa mara tatu. Hapo ndipo chuma chembamba hupinda au kishikio chake kwenye fremu huanza kupasuka.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili huwachanganya hata mafundi wazoefu, kwa kuwa pikipiki yenye mzigo mara nyingi huangukia upande wa pili, kulia, ambako hakuna stendi kabisa. Sababu yake ni shokapu. Mzigo ukikaa, shokapu za nyuma hubonyea, fremu hushuka, na mguu ambao ulikuwa wa urefu sahihi unageuka kuwa mrefu mno. Kila sentimita moja ambayo fremu inashuka pale stendi ilipofungwa, pikipiki inasimama wima zaidi kwa digrii 2 hivi. Ikishuka sentimita 3, ule mlalo wa digrii 10 umebaki digrii 4. Pikipiki yenye gunia refu iliyolala kwa digrii 4 tu inaweza kupinduliwa na mtu anayechomoa kamba, au na upepo wa lori linalopita.

Wapo pia wenye tatizo la kinyume. Wamefunga shokapu ndefu zaidi, au wameongeza springi ili pikipiki isizame, au wameweka tairi kubwa la vipande kwa ajili ya njia za matope. Pikipiki imenyanyuka na stendi imebaki ile ile. Sasa inalala sana hata ikiwa tupu, na ndiyo maana vijiweni utaona vijana wakitafuta jiwe au kipande cha ubao cha kuweka chini ya mguu kila wanapoegesha. Jiwe hilo ni kipimo kizuri kuliko wanavyodhani. Unene wake ndio urefu unaokosekana.

Ardhi nayo ina neno. Mguu wa kiwandani wenye uso wa sentimita 3 kwa 4 unakanyaga eneo la sentimita za mraba 12. Ukibeba kilo 120, kila sentimita ya mraba inasukuma ardhi kwa kilo 10. Kwenye zege si kitu. Kwenye udongo wa soko baada ya mvua, au kando ya shamba la kabichi, unazama kama kisu kwenye ndizi mbivu. Ukizama sentimita 2, pikipiki imelala digrii 4 zaidi. Ikilala zaidi, mguu unatwishwa zaidi na kuendelea kuzama. Ndiyo sababu pikipiki huonekana imesimama vizuri wakati mwenyewe anaingia dukani, kisha anakuta imelala akitoka dakika tano baadaye.

Kipimo huchukuliwa na mzigo

Fundi anayeijua kazi hii hutambulika kwa swali lake la kwanza. Haulizi pikipiki ni aina gani. Anauliza inabeba nini.

Kupima stendi kwenye pikipiki tupu ndilo kosa linalofanya wateja warudi kulalamika. Njia sahihi ni mteja afike na mzigo wake wa kawaida, au karakana iwe na mifuko ya mchanga ya kuweka mahali pake. Matairi yajazwe upepo kama ya safari, pikipiki isimamishwe sakafuni palipo sawa, na watu wawili waishike. Kisha inalazwa kushoto hadi mahali panapofaa, na ndipo fundi anapima kutoka kwenye bolti ya stendi hadi sakafuni, pale mguu utakapokanyaga.

Mahali panapofaa ni wapi? Kwa pikipiki ya mzigo, digrii 7 hivi ikiwa imebeba ni mlalo wa kuaminika. Mzigo ukitolewa na shokapu kunyanyuka sentimita 3, italala kama digrii 13, jambo ambalo halipendezi macho lakini ni salama kwa pikipiki tupu. Fundi asiye na kifaa cha kupimia pembe anaweza kutumia timazi, ile ile ya mwashi. Anachora kwa chaki mstari wa magurudumu sakafuni, kisha anainingʼiniza timazi kutoka katikati ya kiti. Kiti cha pikipiki nyingi za aina hii kiko kama sentimita 80 kutoka chini. Timazi ikidondoka sentimita 10 kushoto kwa mstari, mlalo ni digrii 7. Ikiwa ni sentimita 5 au pungufu, pikipiki iko wima mno. Ikifika 18, ni zile digrii 13 za pikipiki tupu.

Baada ya urefu huja upana. Kadiri mguu unavyokanyaga mbali na magurudumu ndivyo unavyobeba kidogo na kuzuia zaidi. Lakini kuna mpaka. Mguu uliotanuliwa sana hugusa barabara pikipiki ikilala kwenye kona ya kushoto, hata ukiwa umekunjwa. Kuutanua kwa sentimita 3 au 4 kunatosha. Anayetaka zaidi ya hapo anahitaji stendi ya kati, si mguu mrefu zaidi.

Bomba, nondo na maji ya ndoo

Kwenye kuchagua chuma ndipo pesa nyingi za wateja hupotea. Wengi huamini chuma kisicho na tundu ndicho chenye nguvu, hivyo hudai nondo. Hesabu inasema vingine. Chuma cha mviringo kisicho na tundu chenye unene wa milimita 16, na bomba la milimita 25 lenye ukuta wa milimita 3, vina uzito unaokaribia kuwa sawa kwa kila mita. Lakini bomba hilo huhimili kupinda mara mbili na nusu zaidi. Kinachozuia chuma kisipinde ni umbali wa chuma chenyewe kutoka katikati yake, na si uzito peke yake. Bomba jepesi la fenicha lenye ukuta wa milimita 1 halihusiki hapa. Hilo hukunjika kama mrija wa soda.

Nondo za ujenzi zenye meno zina balaa lake. Nyingi hutengenezwa ziwe ngumu, na chuma kigumu kikichomelewa kisha kikapozwa ghafla huwa dhaifu pembeni mwa kiungo. Kwa bahati mbaya ipo desturi katika karakana nyingi ya kumwagia kiungo maji ya ndoo mara tu kinapomalizika ili mteja ashike na aondoke. Kiungo kinapendeza, kinalia “chss”, na wiki mbili baadaye kinakatika bila kupinda kwanza. Kiungo kiachwe kipoe chenyewe. Mteja mwenye haraka apewe kigoda.

Vijiti vya kuchomelea vya geji 12, yaani milimita 2.5, vinatosha kwa sehemu nyembamba. Kwa mguu na kishikio chake, geji 10 hupenya vizuri zaidi endapo mashine ina nguvu ya kutosha. Rangi na kutu viondolewe kwa grenda kwanza. Hili linaonekana dogo, lakini kiungo kilichokaa juu ya rangi ni gundi tu.

Hata mguu ukiwa imara kama reli, hautasaidia kama kishikio chake kwenye fremu ni kile kile kilichopasuka. Bomba la fremu ya pikipiki lina ukuta mwembamba, na fundi akirundika moto sehemu moja anaweza kulitoboa. Kinachotakiwa ni kiraka cha bati nene la milimita 4 au 5, kilichokunjwa kufuata mviringo wa bomba na kulikumbatia hadi nusu yake, ili nguvu isambae badala ya kukusanyika kwenye nukta moja. Wengine hukwepa kabisa kuchomelea fremu. Hutengeneza vipande viwili vinavyolibana bomba kwa bolti nne kama kola. Kazi yake ni ndefu zaidi, lakini pikipiki ikiuzwa stendi inatoka na fremu inabaki salama. Kwa pikipiki mpya ambayo bado iko chini ya dhamana, hii ndiyo njia ya busara.

Bolti inayobeba mguu iwe ngumu. Zile zenye namba 8.8 kichwani zinapatikana kwenye maduka ya vipuri na hazina sababu ya kuachwa kwa ajili ya bolti laini ya kitanda. Tundu lake lisiwe na nafasi. Tundu likishachakaa na kuwa na umbo la yai, mguu hucheza, na mchezo wa milimita 2 pale juu unakuwa sentimita kadhaa pale chini. Bushi ndogo ya chuma, grisi kidogo na nati yenye plastiki ndani isiyolegea kwa mtikisiko hurefusha maisha ya stendi kuliko kuongeza unene wa mguu.

Sehemu inayowashinda wanaojifunza ni springi. Springi ya stendi ina kazi mbili zinazopingana: kuushika mguu ukiwa umeshuka na kuushika ukiwa umekunjwa. Hufanya hivyo kwa kuvuka mstari wa bolti katikati ya safari yake. Mguu ukiwa chini, springi inavuta ikiwa upande mmoja wa bolti. Ukikunjwa, imehamia upande wa pili na inavuta kuelekea juu. Ndoano ikichomelewa sentimita moja tu mahali pasipofaa, springi haivuki. Matokeo yake ni stendi inayojikunja yenyewe pikipiki ikiwa imeegeshwa, au inayoshuka yenyewe kwenye tuta. Waendesha pikipiki wengi huishia kuifunga kwa mpira wa tyubu. Ule mpira ni ushahidi kwamba fundi hakumaliza kazi.

Kuna pia kizuizi, kile kidole cha chuma kinachouzuia mguu usiende mbele kupita kiasi. Ukishuka, mguu unatakiwa ulale kidogo kuelekea gurudumu la mbele, ili uzito uusukume kwenye kizuizi. Kwa sababu hiyo pikipiki ikiserereka mbele, stendi hujikunja. Wenyeji wa Lushoto, Rungwe na milima ya Uluguru wanalijua hili bila kufundishwa na mtu: kwenye mteremko pikipiki huegeshwa ikitazama juu, gia ya kwanza ikiwa imeingia.

Mwisho wa yote ni wayo. Kipande cha bati la milimita 5, sentimita 8 kwa 10, kikunjwe kingo kidogo kuelekea juu kisinase kwenye majani. Eneo la sentimita za mraba 80 hupunguza ule msukumo wa kilo 10 hadi kilo 1.5 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa anayebeba mazao kutoka shambani, hakuna sehemu ya stendi inayolipa zaidi ya hii. Hata aliyeridhika na stendi ya kiwandani anaweza kuongezewa wayo tu akarudi kazini.

Kabla moto haujawaka

Wapo waliopoteza zaidi ya walichokwenda kutengeneza. Mashine ya kuchomelea hupitisha umeme mkubwa kwenye chuma chote kilicho kati ya kijiti na kibanio cha ardhi. Kibanio kikiwekwa kwenye gurudumu kwa sababu tu ndiko waya ulikofika, umeme huo hupita kwenye beringi na kuzichoma vitone vidogo, zikaanza kulia siku chache baadaye. Kibanio kiwekwe karibu kabisa na kiungo, kwenye chuma kilichosafishwa. Waya za betri zifunguliwe, na kifaa cha kuwashia injini kitenganishwe na nyaya zake kama kinafikika kirahisi.

Petroli haihitaji maelezo marefu. Tangi la pikipiki nyingi hufunguliwa kwa bolti moja au mbili, na hakuna haraka inayohalalisha kuchomelea likiwa juu. Tangi lisilo na mafuta bado lina mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Litolewe, liwekwe mbali.

Mguu mmoja au miwili

Kwa wanaobeba mizigo mirefu, kama magunia ya mkaa, matenga au mikungu ya ndizi, jibu si stendi ya pembeni hata iwe imara vipi. Wanahitaji stendi ya kati yenye miguu miwili, inayoinua gurudumu la nyuma na kuisimamisha pikipiki wima. Pikipiki nyingi huja nayo, lakini iliyo finyu. Fundi huongeza upana wa miguu na kuweka wayo kila upande.

Ugumu wake ni kuinua. Mtu mmoja hawezi kuivuta pikipiki ya kilo 240 juu ya stendi ya kati bila kuumia mgongo, hivyo utaratibu unageuzwa: stendi kwanza, mzigo baadaye. Wakati wa kuondoka pikipiki husukumwa mbele ishuke yenyewe, na ni vyema awepo mtu wa pili nyuma. Chuma cha kukanyagia kikirefushwa kwa sentimita chache, mguu wa mwendeshaji unapata nguvu zaidi ya kuiinua. Kisipite kiasi hadi kugusa mnyororo au bomba la moshi.

Vijijini bado linatumika gongo lenye panda, linalowekwa chini ya keria upande wa kulia wakati wa kupakia. Halina springi, halina bolti na halijawahi kuharibika. Fundi mwenye macho hulitazama gongo hilo na kuelewa mteja anataka nini. Baadhi hutengeneza mguu wa pili wa kulia wa bomba, unaochomolewa na kufungwa kando ya keria safari ikianza.

Yote haya hayageuzi pikipiki kuwa gari dogo. Kila pikipiki ina kitabu chenye uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji, na uzito huo unamhesabu pia mwendeshaji. Breki, tairi na rimu havijui kwamba stendi imeongezwa nguvu. Mteja anayedai stendi ya kubeba magunia matatu anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kupokelewa pesa yake.

Nani analipa, na fundi anapata nini

Kwa upande wa biashara, stendi ni kazi ndogo inayorudi kila wiki. Bomba la mita 6 hutoa miguu 19 ya sentimita 30, ukitoa kinachopotea kwenye msumeno. Maana yake ni kwamba chuma kilichomo katika stendi moja ni sehemu ndogo ya bei. Gharama halisi ni muda, vijiti, jiwe la grenda, umeme, bolti na springi. Mafundi wengi hupanga bei kwa kutazama chuma peke yake, kisha hushangaa kwa nini siku imekwisha na mfuko ni mwepesi. Anayeanza aandike gharama za stendi tano za kwanza, hata kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mtoto, pamoja na saa alizotumia. Bei itajionyesha.

Njia nyingine ya kupata faida ni kutengeneza kalibu. Boxer nyingi zinafanana na HLX nyingi zinafanana. Fundi mwenye kipande cha ubao chenye misumari iliyopangwa kwa kila aina anaweza kukata na kupinda miguu kumi siku ambayo hakuna wateja, kisha akabaki na kazi ya kurekebisha urefu tu. Vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha uchomeleaji. Kijana aliyetoka huko huwa anajua kuunganisha chuma vizuri. Asichokuwa nacho ni kalibu na wateja, na kijiwe kimoja cha bodaboda chenye pikipiki 20 kinatosha kuanzia.

Kwa mwenye pikipiki, mgogoro uko kwingine. Wengi huendesha pikipiki ya mtu mwingine, ama kwa hesabu ya kila siku au kwa mkataba wa kulipa hadi iwe yao. Mara nyingi matengenezo madogo ni ya mwendeshaji na makubwa ni ya tajiri. Stendi iko wapi hapo? Bolti na springi ni ndogo. Kishikio kilichong’oka kwenye fremu ni kikubwa, na mara nyingi tajiri hukiita uzembe. Kijana anayebakiza miezi michache amalize mkataba hana hamu ya kutengeneza, na tajiri hana hamu ya kulipa, hivyo pikipiki inaendelea kuegemezwa ukutani hadi siku ya hasara. Ni bora suala hili likaandikwa ndani ya mkataba tangu mwanzo, pamoja na ruhusa ya kuchomelea fremu, kwa kuwa yapo mashauri yaliyofika kwa wenyeviti wa mitaa kwa sababu ya kiraka cha bati.

Kuna tabia moja inayoua stendi kuliko magunia. Vijiweni, mwendeshaji anayesubiri abiria hukaa juu ya pikipiki iliyoegemea stendi, wakati mwingine amelala kabisa, miguu juu ya usukani na kichwa kwenye keria. Kwa saa nyingi kila siku kishikio kinabeba mtu mzima anayejigeuza. Stendi iliyopimwa kwa ajili ya mzigo itavumilia. Ile ya kiwandani itaanza kulegea taratibu, na mwenyewe atasema ilikuwa mbovu tangu dukani.

Kabla ya kulipa, mteja aijaribu kazi hapo hapo karakanani. Apakie mzigo, aiache pikipiki dakika kumi, aisukume kwa kiganja kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Auteremshe na kuukunja mguu mara ishirini akisikiliza kama springi inavuka kwa mlio ule ule. Aendeshe kwenye tuta. Apinde kona ya kushoto taratibu, aone kama wayo mpya unagusa. Hii ndiyo hatua ya kutazamwa zaidi, kwani stendi pana iliyosahaulika chini ikigusa lami kwenye kona ya kushoto inaweza kuinua gurudumu na kumtupa mwendeshaji.

Kwa sababu hiyo wayo hupakwa rangi nyeupe au nyekundu, ili wenzake kijiweni waione ikiwa imeshuka na kumpigia kelele. Baadhi ya pikipiki zina swichi kwenye stendi inayoikata injini gia ikiingizwa mguu ukiwa chini. Mafundi wengi, wanapofunga stendi mpya, hukata nyaya za swichi hiyo na kuziunganisha moja kwa moja, kwa kuwa ni rahisi kuliko kuihamisha. Mteja aulize kabla kazi haijaanza. Mara nyingi swichi yenyewe hushikwa na skrubu tu, na kipande cha bati chenye matundu kinatosha kuipeleka mahali pake papya.